Mita Hairudi Nyuma

Alama za vidole vinne zilikuwa zimeshaanza kugeuka zambarau mama mkwe alipouvuta mkono wa mkamwana wake hadi dirishani, akaugeuza huku na huku kama mnunuzi anayekagua nguo ya mtumba.

"Vinne," akasema. "Dole gumba liko wapi?"

"Huku chini, Mama."

"Basi amekushika kwa mkono wa kulia. Mlikuwa mmetazamana?"

"Nilikuwa nimechutama. Nasoma mita."

"Kumbe alikujia kwa nyuma." Bi mkubwa akauachia mkono. Alikuwa ameuza mkaa miaka thelathini, na viganja vyake viliacha weusi hata pale vilipokuwa safi. "Mwoga huyo. Lakini hata mwoga ana mikono miwili."

Mkamwana mwenyewe nyumbani walimwita Msomi. Mumewe ndiye aliyeanza utani huo siku alipoajiriwa na idara ya maji kusoma mita, na utani ukakaa kuliko jina la kwenye cheti. Njia yake ilikuwa na nyumba mia mbili na kumi na mbili. Mita ilikaa shimoni ndani ya ua, chini ya kifuniko cha chuma. Ili kuisoma sharti uchutame, ufunue, ufute kioo kwa kitambaa, uinamishe kichwa shimoni. Yaani mgongo kwa mwenye nyumba, macho kwenye namba. Miaka minne alikuwa ameinama hivyo mara elfu kumi bila kujiuliza nani kasimama nyuma yake.

Asubuhi hiyo, mwenye geti la bluu alimfungulia, akamwingiza, kisha akazungusha ufunguo. "Humu geti halikai wazi," alisema, kama mtu anayesoma kanuni ya nyumba. Alipochutama tu, mkono ukamshika. Gari nje likapiga honi kutaka njia, mwanaume akageuka, Msomi akajinasua na kuukuta ufunguo bado uko kitasani. Mengine hakuyakumbuka. Alikumbuka tu kwamba namba hakuzisoma, na jambo hilo lilimuudhi kuliko alivyotarajia.

Mumewe aliporudi jioni alisimuliwa upya. Alikuwa mlinzi wa benki, mrefu, mwenye sare iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe. Nyumbani walimwita Afande, kwa heshima na kwa dhihaka, kutegemea siku.

"Nyumba ipi?" akauliza.

"Nikikuambia utafanya nini?"

Afande akafungua kamba ya kiatu kimoja, akaifunga tena.

"Bunduki yote ile," mama yake akasema kutoka jikoni, "inalinda noti za watu. Mkono wa mke wako hauna hata paka wa kuulinda."

"Mama, bunduki si yangu. Asubuhi naazimishwa, jioni naambiwa weka sahihi hapa, toka. Natoka na mikono mitupu kama mtoto aliyezaliwa leo."

Hakuna aliyecheka. Msomi ndiye pekee aliyeinua kichwa, akamtazama mumewe kana kwamba amesikia jambo jipya. Miaka sita ya ndoa, kila alipomfikiria Afande alimfikiria na bunduki begani. Hakuwahi kumfikiria akitembea bila nayo.

*

Ofisini, mkuu wa kitengo alisikiliza huku akitafuta kifuniko cha kalamu.

"Polisi umekwenda?"

"Nimekwenda. Wameniuliza shahidi ni nani."

"Ni nani?"

"Mita."

Wasomaji wenzake, wanaume wanane waliokuwa wakisubiri kugawiwa betri za simu za kazi, wakaguna. Mmoja akasema, "Dada, ni mkono tu? Sisi tunang'atwa na mbwa kila wiki, hatuleti kesi."

"Mbwa hafungi geti," Msomi akajibu. "Na mbwa akikung'ata hakuiti mrembo."

Wakacheka, naye akacheka kidogo, kicheko kile cha mtu anayelipa kiingilio ili aruhusiwe kuendelea kukaa. Mkuu alikuwa amefungua orodha. Geti la bluu halikuwa limesomwa miezi miwili iliyopita pia. Mara zote mwenyewe "hakuwepo". Kanuni ilikuwa imebandikwa ukutani, nyuma ya kichwa cha mkuu, na kila mtu aliijua kwa moyo: nyumba isiyosomwa miezi mitatu, mteja anakatiwa maji, na msomaji anaondolewa njiani.

"Una hadi tarehe ishirini," mkuu akasema. "Ukishindwa si dhambi. Kuna nafasi ya kupanga mafaili ghala la chini. Kuna feni kule."

"Twende wawili basi, bosi. Nipe mwenzangu kwa nyumba moja."

"Nikikupa wewe, kesho kila mtu ataomba wa kumshika mkono." Akasikia alichokisema, akakohoa. "Samahani. Lakini ndivyo ilivyo."

Msomi alitoka akiwa ameduwaa. Ghala la chini alilijua: meza moja, taa moja, ukuta. Njia yake alikuwa ameizoea kama mtu anavyozoea sauti ya mama yake. Alijua nani kapata mtoto kwa jinsi namba zilivyopanda, nani kasafiri, nani bomba lake linavuja chinichini huku akilaumu idara. Kuipoteza njia hiyo kwa sababu ya vidole vinne! Hapo ndipo swali lilipomwingia, na kama kawaida yake, swali likishamwingia halitoki kwa kufukuzwa. Mtu asiye na bunduki ana nini?

*

Akaanza kuuliza. Alifika dukani kwa muuza nyama, akasoma mita yake, kisha akamwuliza, "Ukifunga duka, ukaacha visu vyako humu, njiani una nini?"

Muuza nyama akafikiri kweli kweli. "Harufu," akasema. "Mbwa wananifuata, watu wananipisha."

Mwalimu wa chekechea alisema ana sauti. Akaitoa, na watoto arobaini wakakaa chini kwa mpigo mmoja. Fundi cherehani, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye kibanda chake kilitazamana na geti la bluu lenyewe, alitikisa kichwa Msomi alipomwuliza kama atembee na mkasi. "Usijidanganye, mdogo wangu. Mkasi wako ukikutoka mkononi unakuwa mkasi wake. Chukua kitu ambacho akikunyang'anya hakimfai."

Neno hilo Msomi alilibeba hadi nyumbani kama yai.

Kitu cha kwanza kisichomfaa adui kilikuwa filimbi. Aliinunua, akaingia kichochoro tulivu saa nne asubuhi kuijaribu. Akavuta pumzi, akapuliza kwa nguvu zote. Mlango wa kwanza ukafunguka, akatoka mama na ndoo. Wa pili ukafunguka, akatoka mzee na mifuko miwili. Wa tatu, wa nne. Wote wakamtazama, wakatazama nyuma yake.

"Mkokoteni uko wapi?" mzee akauliza.

"Mkokoteni gani?"

"Wa taka! Si wewe uliyepuliza?"

Aliomba radhi milango minne. Mzee hakuridhika, alimfuata hadi kona akiwa na mifuko yake, akidai idara zote ni zilezile.

Mama mkwe aliposikia alicheka hadi akashika ukuta, kisha akasema filimbi ni mchezo wa watoto, dawa ni pilipili. Akatwanga pilipili kichaa mwenyewe, akaisaga laini kama poda, akaifunga kwenye karatasi. "Mfukoni. Karibu na mkono. Akikusogelea, fuu!"

Msomi aliiweka mfuko wa kulia, mahali pa karibu kabisa na mkono wake. Hakuna msoma mita asiyejua mfuko huo una nini: kitambaa cha kufutia kioo. Kufikia saa sita jua lilikuwa utosini. Karatasi ilikuwa imefunguka yenyewe kwa kuchutama na kusimama. Akiwa kibandani kwa fundi cherehani alitoa kitambaa, akafuta kioo cha mita, na kwa kuwa jasho lilikuwa likimdondoka, akajifuta na uso.

Fundi alisikia yowe, akatupa kitambaa cha watu chini, akamkokota hadi bombani. "Fumbua macho! Usisugue! Nani kakufanyia hivi?"

"Mama mkwe!"

"Yallah! Na bado mnaishi nyumba moja?"

Ikabidi asimulie yote huku maji yakimtiririka usoni. Fundi alicheka, akanyamaza, akatazama ng'ambo ya barabara. "Yule," akasema. "Siku akikuita tena, mimi niite kwanza. Mimi nipo tu hapa, sina pa kwenda na mgongo huu."

Msomi akakamua mtandio wake. "Maji haya nitayakuta kwenye mita yako."

"Yaandike tu. Yaandike 'ya pilipili'."

*

Jumamosi alasiri Afande alimkuta mkewe ameketi sebuleni, macho bado mekundu, akijishika kifundo cha mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia na kukizungusha.

"Unafanya nini?"

"Nataka kujua anayeshikwa anachomokea wapi. Nishike."

"Msomi..."

"Nishike, Afande. Kwa nguvu."

Akamshika. Msomi akavuta, hakutoka. Akasukuma, hakutoka. Afande akasema kwa sauti ya chini, kama anatoa siri ya serikali, kwamba mkono wowote una mlango mmoja: pale dole gumba linapokutana na vidole. "Usishindane na vidole vinne. Geuza mkono wako kuelekea dole gumba, kunja kiwiko, vuta. Halafu usikae kushangaa. Kimbia."

Msomi akageuza, akakunja, akavuta. Akatoka kwa kasi asiyoitegemea, akarudi nyuma, akakalia kiti cha mama mkwe kwa kishindo, na kiti kikavunjika mguu.

Bi mkubwa akatokea mlangoni na mwiko. "Mnapigana?"

"Tunasoma, Mama."

"Kwenye kiti changu?"

Waliporekebisha uso na kuomba msamaha, na bi mkubwa akarudi jikoni akinung'unika kwamba siku hizi mapenzi yanabomoa samani, Msomi alibaki sakafuni.

"Wewe ulijifunza wapi?"

"Kazini. Wanatufundisha."

"Na bunduki unayo. Mbona mfundishwe mambo ya mikono?"

Afande akauokota mguu wa kiti, akautazama ulipokatikia. "Kwa sababu ya njia ya kurudi," akasema. "Watu wa mtaani wananijua mlinzi wa benki. Wapo wanaodhani natembea na funguo. Wengine niliwahi kuwatoa nje kwa nguvu. Mchana wananiona na bunduki, jioni wananiona bila."

"Unaogopa?"

"Kila siku."

Alilisema bila kumtazama. Msomi hakusogea, kwa hofu kwamba akisogea litakatika.

"Unajua nasalimia watu wangapi tangu benki hadi hapa?" Afande akauliza.

"Unasalimia kila mtu. Mama anasema alikulea vizuri."

"Kumi na wanne. Nawahesabu. Muuza vocha, yule fundi wa redio, mama wa matunda. Mnadhani ni adabu. Siku nisipofika nyumbani, watu kumi na wanne watasema alipita hapa, saa fulani, alikuwa mzima. Wa kumi na tano ndiye asiyeniona. Hapo ndipo pa kutafutwa." Akageuza mguu wa kiti mkononi. "Na siingii mahali ambapo mlango uko mikononi mwa mwingine. Hata benki nasimama pembeni ya mlango. Bunduki inawatisha wateja. Mimi roho yangu iko mlangoni."

Msomi alimtazama mwanaume huyu aliyemjua kwa pasi ya sare yake. Alitaka kusema neno la kumfariji, likaja swali badala yake, maana ndivyo alivyoumbwa.

"Sasa, kama siingii, mita ataisoma nani?"

Wakatazamana. Afande ndiye aliyeanza kutabasamu. Jioni hiyo alikaa kizingitini na kisu, akauchonga ule mguu wa kiti ukawa kabari: nene huku, nyembamba kule. Mama yake alipita mara mbili akisema kiti kimekufa kifo cha ajabu.

*

Tarehe kumi na tisa, saa tatu asubuhi, Msomi aliingia mtaa wa geti la bluu akisalimia kama mgombea. "Habari za asubuhi, shikamoo, mmeamkaje, naenda geti la bluu!" Kinyozi akainua mkasi. Muuza maandazi akauliza, "Kuna nini huko?" akaambiwa, "Mita tu, njoo uone," akaja kweli. Fundi cherehani alikuwa ameshahamisha stuli yake hadi ukingo wa barabara, na kazi mapajani.

Msomi alishangaa kuona kuwa sauti yake haikutetemeka.

"Majiii!"

Ufunguo ukazunguka. Mwenye geti alichungulia, akatabasamu. Alikuwa mwanaume wa kawaida kabisa, shati safi, saa ya mkononi. "Mrembo umerudi. Ingia."

Geti lilifungukia ndani. Msomi akadondosha kabari, akaisukuma kwa kisigino chini ya bamba la chuma hadi ikauma. Akarudi nyuma hatua mbili, akasimama barabarani.

"Hicho nini?"

"Kabari, mzee. Leo siingii. Mita utasoma wewe, mimi naandika."

"Mimi? Hiyo kazi yako."

"Kazi yangu ni kuleta namba. Kesho tarehe ishirini. Nisipoleta, mafundi wanakuja kukata maji, na hao hawapigi hodi." Akapandisha sauti, si kwa hasira, bali jinsi watu wanavyosema na mtu aliye mbali. "Shimo lako liko kona ile pale. Unachutama, unainua kifuniko, unafuta kioo, unainama unasoma!"

Mwanaume akatazama nje. Aliona stuli, maandazi, kinyozi na mteja wake aliyenyolewa nusu kichwa. Akalivuta geti, halikusogea. Ili aitoe kabari ingembidi apige magoti miguuni kwa msoma mita mbele ya mtaa mzima. Akachagua shimo.

Alichutama vibaya, kama wote wasiozoea. Akanyanyua kifuniko kikambana kidole. Mgongo wake ulikuwa barabarani, kichwa shimoni. "Sifuri," akasema kwa hasira. "Moja. Tano. Mbili. Sita."

Msomi akatazama simu. Usomaji wa mwisho, miezi mitatu nyuma, ulikuwa sifuri, moja, nane, nne, sifuri.

"Mita hairudi nyuma, mzee. Labda wewe ndiye unayekunywa maji na kuyarudisha. Soma tena!"

Fundi cherehani akacheka hadi sindano ikamponyoka. Mwanaume akafuta kioo kwa kiganja, akainama zaidi. "Sifuri. Moja. Tisa. Sita. Mbili."

"Ahsante." Akaandika. Tayari. Njia ilikuwa yake. Ghala la chini lingemngoja mtu mwingine na feni yake. Aliinama kuichukua kabari.

"Dada, usiitoe."

Sauti ilikuwa ndogo, na ilitoka ndani. Mwanamke alikuwa amesimama ubavuni mwa nyumba, karibu na ukuta, na beseni la nguo zilizokamuliwa kiunoni. Pete kidoleni, miguu mitupu. Hakuwa akimtazama Msomi. Alikuwa akiitazama barabara, kwa makini, kutoka upande mmoja hadi mwingine, kama mtu anayeulinganisha mji na mji aliowahi kuujua.

"Wewe ni nani wake?" Msomi akanong'ona.

"Mkewe. Huu mwaka wa pili sijaliona hilo geti likiwa wazi." Mikono ya shati lake ilikuwa mirefu, imefungwa vifungo hadi kiganjani, katika jua lile. "Utarudi lini?"

"Mwezi ujao. Tarehe tisa."

"Tarehe tisa," mwanamke akarudia taratibu, akiiweka mahali. "Basi njoo na hicho kibao. Tarehe tisa utanikuta nimevaa viatu."

Kule shimoni mwanaume alikuwa akihangaika na kifuniko, kikimponyoka. Msomi alitazama mgongo ule ulioinama. Alimtazama mwanamke. Siku ishirini na moja. Alikuwa amewauliza watu wengi swali lake, lakini hakuwahi kumwuliza mtu ambaye hana hata mlango. Nyuma yake alisikia stuli ikikwaruza: fundi cherehani, mwenye mgongo usiokwenda popote, alikuwa amesimama.

"Tarehe tisa ni mbali, dada," Msomi akasema. "Kavae sasa."

Mwanamke hakuelewa, kisha akaelewa. Akaliweka beseni chini bila sauti na kupotea mlangoni.

Msomi akaukanyaga mwisho wa kabari kwa nguvu, akainua uso.

"Mzee! Usifunike bado. Hiyo namba ya mwisho ofisi wataikataa. Futa kioo vizuri, ingiza kichwa kabisa, uanze upya kutoka kushoto. Na kila namba uitaje mara mbili."